Vidude vya bei chee vya "kuongeza nguvu" ya gari: tuvipimeje kabla hela ya korosho haijaliwa?

#1 KucheleInjini (Mtwara)

Wakuu, salaam.

Mnada wa korosho ukishaanza na malipo yakaanza kusoma kwenye akaunti, magrupu ya magari huku Kusini yanageuka mnada wa pili. Chipu ya kuchomeka chini ya usukani, "inaongeza nguvu asilimia 35 na kupunguza mafuta asilimia 15". Tabo ya umeme, yaani kifeni cha kusukumia hewa kwenye injini. Sumaku ya kubana mpira wa mafuta. Ea klina ya pembe, nyekundu. Kirizista cha waya mbili kilichofichwa kwenye kiboksi chenye stika ya mashindano. Mtu anaagiza kwa simu, mzigo unatua Kariakoo, unapanda basi, kesho yake anaufuata stendi ya Mkanaledi. Bei elfu ishirini, thelathini, ikizidi sana hamsini.

Bei hiyo ndiyo inayomlinda muuzaji. Mtu akipigwa milioni ataenda polisi. Akipigwa elfu ishirini na tano anakaa kimya, au anaanza kukitetea kidude ili asionekane kaliwa. Ndiyo maana ukiuliza grupuni kama kinafanya kazi utajibiwa "mimi nimefunga, gari imekuwa nyepesi kinoma", na hakuna hata mmoja mwenye namba. Uzi huu nataka uwe wa namba. Mwenye "nahisi" zake akae nazo kwanza.

Kabla hujatoa hela jiulize: hiyo nguvu itatoka wapi? Injini ya petroli inahitaji kama kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inapima hewa inayoingia, inakadiria mafuta, halafu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inakagua na kusahihisha, muda wote unapoendesha kawaida. Ukitaka nguvu ya ziada, hewa zaidi lazima iingie, au cheche ipigwe kwa wakati bora zaidi, au msuguano upungue. Kidude kisichogusa hata kimoja kati ya hayo hakina pa kuitoa nguvu. Ninaowashangaa zaidi ni wale wa "kinachoma mafuta yote yasipotee". Injini isiyo na ubovu, ikishapata joto lake, inachoma zaidi ya asilimia 95 ya petroli inayopewa. Kinachopotea ni joto, kupitia rejeta na ekzosi. Sumaku kwenye mpira wa mafuta itarudishaje joto lililoshatoka nyuma ya gari?

Chukueni tabo ya umeme mpige hesabu wenyewe. Injini ya lita 1.5, kama za IST nyingi zilizojaa hapa mjini, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta hewa lita 4,500 kwa dakika hiyo moja, maana silinda zinajaa mara moja kila mizunguko miwili. Sasa kile kifeni cha elfu arobaini kinachokula ampea tano au kumi, kitasukuma hewa zaidi ya hiyo? Injini ikifika mwendo huo kifeni kinakuwa kizuizi tu njiani. Tabo ya umeme ya kweli ipo. Audi waliiweka kwenye SQ7 ya dizeli mwaka 2016, lakini ile inatumia mfumo wa volti 48 na inakula mpaka kilowati 7. Nguvu hiyo ukiitaka kwa volti 12 unahitaji karibu ampea 600. Alteneta ya IST haifiki hata robo.

Sasa kipimo chenyewe. Dyno, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari, hatuna ya kukimbilia, lakini barabara tunayo na simu tunazo. Mimi natumia kipande kilichonyooka ukishapita Mikindani kuelekea Mingoyo, nje ya vijiji, asubuhi mapema kabla malori ya saruji hayajachangamka. Gia naifunga kwenye 2 ili gari lisijichagulie. AC nimezima, vioo nimefunga, mafuta ni yale yale na watu ni wale wale. Natoka 40 mpaka 70 kwa mguu wote, na abiria anarekodi dashibodi kwa simu ili tusome muda kwenye video badala ya kubahatisha. Kisha nageuza na kurudi upande wa pili, kwa sababu upepo wa pwani, uwe kusi uwe kaskazi, unaweza kukupa au kukunyang'anya sekunde nzima. Unarudia mpaka uone namba zinatawanyika kiasi gani gari likiwa halina kitu. Hapa ndipo wengi wanakosea. Kama gari lile lile, bila kidude, linatoa mara 6.8 mara 7.4, basi kidude kilichokupa 7.0 hakijakupa chochote.

Na dereva asijue. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akichomeka chipu au kuiacha, taa zake kaziziba kwa utepe mweusi, mimi nimesimama pembeni nimegeukia mikorosho. Baada ya kila mbio nasema "ipo" au "haipo", naye anaandika. Nilikuwa nabahatisha tu, na muda wa video nao ukachanganyikana, ikiwepo na isipokuwepo.

Mafuta ni somo jingine na watu wanajidanganya sana hapo. Unajaza fulu, unaenda kilomita mia, unajaza tena, unagawanya. Gari la kilomita 13 kwa lita litakuwa limekula kama lita 8. Pampu ikikata lita moja mapema au ikichelewa lita moja, tayari umekosea zaidi ya asilimia 12, na kidude chenyewe kinadai 15! Nenda Masasi urudi, kama kilomita 400 hivi. Hapo umekula lita 30, na lita moja ya makosa ni asilimia 3. Sheli ile ile, pampu ile ile, gari limesimama upande ule ule, na ikikata yenyewe usimwambie kijana aongeze kidogo kidogo mpaka namba iwe nzima.

Nawasilisha. Mwenye kidude na mwenye namba aje.


#2 Stika_ya_Moto

Mkuu umesahau stika ya moto ubavuni. Ile ni hp 15 bila ubishi. Ukiweka na spoila ya IST, gari inaanza kudaiwa ada ya uwanja wa ndege.


#3 MzigoKariakoo

Mimi ni muuzaji, sijifichi. Mtoa mada anaongea kama kila mtu ni mwizi. Nimeuza chipu nyingi, wateja wapo Mtwara, Lindi, Nachingwea, Tunduru, na wanarudi kununua za ndugu zao. Kama haifanyi kazi, mbona hawadai hela zao? Halafu unaichomeka asubuhi, mchana unapima! Maelekezo yanasema wazi uendeshe kilomita 200 chipu isome tabia ya dereva ndiyo ijipange. Wewe umepima kabla haijasoma, unategemea nini?


#4 FunduWaya_Chikongola

Mzigo, ndugu yangu, tuheshimiane lakini hebu nikuoneshe kitu. Mimi kazi yangu ni umeme wa magari, na mteja aliniachia chipu yake akasema "fundi kaa nayo, mimi imenishinda".

Nimeifungua kwa bisibisi bapa, boksi limeshikiliwa na vidoko viwili tu. Ndani kuna kibao kijani kidogo kama kucha ya dole gumba, taa tatu, kitufe cha riseti, rizista kadhaa na IC moja yenye miguu minane ambayo juu imekwanguliwa maandishi. Soketi ya OBD, ile ya chini ya usukani ambayo fundi anachomeka kompyuta ya kupimia gari, ina matundu 16. Tundu la 16 ni umeme wa betri, la 4 na la 5 ni ardhi, la 6 na la 14 ndiyo njia ya CAN ambayo kontroli boksi za kisasa zinaongea, na la 7 ni njia ya zamani ya waya mmoja. Nikaweka mita kwenye mlio, nikagusa mguu mmoja mmoja. Wa 16 unalia mpaka kwenye taa na IC. Wa 4 unalia. Wa 6 kimya, wa 14 kimya, wa 7 kimya. Vyuma vipo, vinang'aa, vimesimama vizuri kwenye plastiki, lakini nyuma yake hakuna njia ya shaba inayoenda popote. Kifaa kinapata umeme, kinawasha taa, basi. Sasa kitasomaje tabia ya dereva wakati hakina mdomo wala sikio la kuongea na gari?

Na hata zile ambazo miguu ya CAN imeunganishwa, kuongea CAN kunahitaji IC maalum ya kupokea na kutuma kwenye njia hiyo. Tafuta ndani, uniambie kama utaiona.

Ambacho hakuna muuzaji atakwambia ni hiki: chukua kurunzi, lala chini ya usukani wa Toyota nyingi za Kijapani za miaka ya mwanzo ya 2000, angalia soketi ya gari lenyewe. Tundu la 6 na la 14 ni tupu, halina chuma. Magari yale yanatumia la 7. Mtu anachomeka chipu ya CAN kwenye gari lisilo na CAN, halafu jioni anasema limechangamka.

Kuhusu kuchangamka, kuna sababu ya kweli kidogo. Maelekezo mengi yanakutaka uchomoe kichwa cha betri kwanza. Ukichomoa, kontroli boksi inafuta marekebisho ya mafuta iliyojifunza na inaanza upya, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inabadilika siku moja mbili, gari linaonekana la tofauti. Fanya hivyo bila chipu, utapata "matokeo" yale yale bure. Na hizo kilomita 200 za kusubiri, mtu anaendesha kwa upole akitazama geji ya mafuta. Lazima ale kidogo, hata ungemchomekea ganda la korosho.


#5 MzigoKariakoo

Fundi, hiyo uliyofungua ni kopi. Zipo orijino.


#6 FunduWaya_Chikongola

Sawa. Nitumie orijino niifungue. Nauli ya basi juu yangu.


#7 BintiMikindani

Jamani naomba kuuliza bila kuchekwa. Mimi nina Vitz ya 2012, mume wangu kanifungia ea klina ya pembe, ile wazi, wakatoa boksi la plastiki lote. Mlio umekuwa wa kibabe kweli, nikikanyaga hata bodaboda wananipisha. Lakini nikiwa kwenye foleni ya soko kuu mchana gari inakuwa nzito, hasa AC ikiwaka. Mume anasema ni mawazo yangu. Nina kile kisomeo cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye OBD, nisome nini hapo?


#8 KucheleInjini

Dada, hakuna wa kukucheka, umeuliza vizuri kuliko wengi.

Fungua app, tafuta joto la hewa inayoingia kwenye injini. Isome asubuhi ukiwa unatembea, kisha uisome ukiwa umesimama kwenye hiyo foleni, utuletee zote mbili.

Na uelewe kitu kimoja. Hicho kisomeo chako nacho kinakaa kwenye tundu lile lile la chipu na bei zake zinakaribiana, ila chenyewe kweli kinaongea na gari. Watu wa Mtwara mnaotaka kutumia elfu thelathini kwa ajili ya gari, nunueni hicho.


#9 BintiMikindani

Nimesoma. Asubuhi natembea Mikindani mjini inaonesha 34. Mchana foleni ya soko, nimesimama kama dakika kumi, ikafika 58!


#10 KucheleInjini

Basi mume wako kashindwa kesi.

Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, na kwa joto la huku kwetu kila nyuzi 3 zinazoongezeka zinaondoa karibu asilimia 1 ya uzito wa hewa. Toka 34 mpaka 58 ni nyuzi 24, umepoteza zaidi ya asilimia 7 ya hewa na nguvu inaifuata. Lile boksi la plastiki walilolitoa halikuwa pambo. Mdomo wake unavuta hewa ya mbele, nje ya joto la injini. Pembe yako iko nyuma ya rejeta inanusa moto.

Mlio ndio unaodanganya. Boksi pia linanyamazisha sauti ya kuvuta hewa, ukilitoa sikio linasikia nguvu ambayo tairi haina.

Na wale wanaosema klina ya kawaida inabana hewa ndiyo maana gari inakula mafuta: maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima hilo na kutoa ripoti mwaka 2009. Waliziba klina makusudi kwenye magari yenye mfumo wa kisasa wa nozeli. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa maana yoyote, kwa sababu kontroli boksi inapunguza mafuta kadiri hewa inavyopungua. Kilichobadilika ni uchangamfu: klina safi badala ya iliyoziba iliboresha kuchomoka kwa asilimia 6 mpaka 11. Kwa hiyo kama gari lako linatembea vumbi la Tandahimba na hujabadilisha klina tangu ulinunue, klina mpya ya kawaida ndani ya boksi lake ina faida ambayo pembe haitakupa.


#11 Mzee_wa_Hilux (Lindi)

Nyie vijana mnapiga kelele za IST. Mimi nina Hilux dizeli ya tabo, napandisha mzigo Newala. Nilifungiwa kiboksi cha waya karibu na injini na kijana mmoja, jina lake halina faida hapa. Naapa kile kiboksi kinafanya kazi. Mlima wa kupanda kule juu nilikuwa naupanda na gia ya pili, sasa ya tatu. Msiseme vyote ni uongo.


#12 FunduWaya_Chikongola

Shikamoo mzee. Hatusemi vyote, na chako nakiamini kabisa, na ndicho kinachonitisha kuliko chipu ya taa.

Dizeli ya komoni reli, yaani yenye bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, ina sensa inayoiambia kontroli boksi presha ya mafuta kwenye reli, na presha yenyewe ni zaidi ya baa elfu moja. Kiboksi chako kinakaa katikati ya sensa na kontroli boksi kinapeleka taarifa ya uongo kuwa presha ni ndogo. Kontroli boksi inaongeza presha, nozeli zinamwaga mafuta zaidi, tabo inapata moshi wa moto zaidi wa kuizungusha, nguvu inapanda. Hiyo nguvu si hisia, inaweza kupimika kwa saa.

Lakini hakuna anayejua presha imefika wapi, maana mlinzi kadanganywa. Vile vya bei nzuri vinapima na kujizuia kulingana na mzunguko na mzigo. Vya bei chee vingi ni rizista moja inayodanganya kiasi kile kile wakati wote, hata umejaza magunia, jua la saa nane, mlima mrefu. Mzee, ukipanda, moshi nyuma ni mweusi?


#13 Mzee_wa_Hilux (Lindi)

Marahaba. Mweusi, ndiyo. Kijana aliniambia hiyo ndiyo dalili ya nguvu.


#14 FunduWaya_Chikongola

Moshi mweusi ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kuungua nayo. Umeinunua, umeitoa kwenye bomba. Na joto la ekzosi linapanda nayo, likidumu linakula pistoni na tabo. Bei ya tabo na nozeli nne unaijua kuliko mimi.

Ushauri wangu, ukiwa na mzigo kichomoe. Kama ni lazima kiwepo, fungeni geji ya joto la ekzosi kabla ya tabo, umuone adui anapokuja.


#15 FundiMasasi

Naomba niingie na langu, maana nimesoma uzi wote hakuna aliyeligusa, na kwangu gereji ndilo linaloleta wateja wengi wa "gari inakula mafuta nifungie chipu".

Themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wetu wana tabia ya kuitoa. Gari likichemka hata mara moja, jibu ni "toa hiyo kitu, huku kwetu kuna joto, haina kazi". Mteja anafurahi, geji haipandi tena. Anachokikosa ni kwamba maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini haifiki joto lake. Themostati nyingi za Toyota ndogo zinafunguka nyuzi 82 hivi. Injini ikibaki 60, 65, kontroli boksi inadhani bado asubuhi na inaendelea kuongeza mafuta ya kuwashia. Oili nayo inabaki nzito. Mteja akienda safari ndefu na upepo wa barabarani, hali ni mbaya zaidi kuliko mjini. Ukimuuliza anasema "ajabu, safari inakula kuliko mjini". Siyo ajabu.

Dada wa Mikindani mwenye kisomeo na wengine wote: someni joto la maji ukiwa barabarani mwendo wa 80. Likikaa chini ya 75 muda wote, umeshapata chipu yako. Themostati mpya ni bei ya kidude kimoja cha mtandaoni, na hii namba zake zitaonekana hata kwa njia ya Mkuu Kuchele ya kwenda na kurudi Masasi.

Nyingine ya watu wa pwani ni ardhi ya gari. Wanauza waya za rangi seti nzima, "zinaongeza cheche". Gari zima la bara hazitalifanyia kitu. Lakini huku chumvi ya bahari inakula waya wa ardhi unaotoka injini kwenda bodi mpaka unabaki ganda la kijani. Gari la hivyo ukilifungia hata waya wa kuchomelea litashukuru. Kwa hiyo jamaa wa Shangani akisema waya zimemsaidia, usimwite muongo, muulize wa zamani ulikuwaje. Pima kwa mita, weka waya mmoja betri hasi, mwingine kwenye bloku ya injini, mwambie mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, tatizo unalo, na kipande cha waya mnene na boliti mbili kinatosha.


#16 AltezzaNaliendele

Nakubaliana na fundi wa Masasi, na naongezea: vidude vingi "vinafanya kazi" kwa sababu siku ya kuvifunga fundi alisafisha pia throto bodi, akabadilisha plagi na akajaza upepo tairi. Halafu sifa anapewa sumaku.

Plagi za iridiamu nimezifunga mwenyewe. Zinadumu, hilo kweli. Nguvu? Kama za zamani zilikuwa nzima, hamna. Na feki ni nyingi mtandaoni, boksi zuri kuliko la dukani, ncha ukiitazama kwa karibu ni nene.

Kuna na hili la tairi, halihusu kidude lakini linaharibu vipimo vyenu. Mtu katoka 185/65R15 kaenda 205/60R16 ili gari lisimame juu. Tairi hiyo ni kubwa kwa asilimia 5 kwa mzunguko. Odomita inahesabu mizunguko, sasa umetembea 105 yenyewe inasema 100. Ukilinganisha ulaji wako wa zamani na wa sasa, gari linaonekana linakula zaidi wakati halijabadilika sana. Ukirudisha tairi ndogo siku ile ile uliyofunga chipu, chipu inapata sifa ya bure. Spidomita nayo inakwenda hivyo hivyo, unaingia kijijini na 50 zako, askari wa tochi anasoma nyingine.


#17 Stika_ya_Moto

Kumbe! Nimelipa faini ya tairi.


#18 KucheleInjini

Nimefurahi uzi umekwenda nilikotaka.

Kwa anayesema "labda vipo vichache vinavyofanya kazi, hatujavipata": EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, wamekuwa wakipima vifaa vya kuokoa mafuta tangu miaka ya 1970, wamepita vifaa zaidi ya 100. Vilivyoonesha nafuu ni vichache mno, na nafuu yenyewe ndogo. Tena jiulizeni, Toyota wanaohangaika na kila tone la petroli ili wauze gari, wangeacha asilimia 15 ya bure kwa sababu wameshindwa kununua sumaku ya elfu ishirini? Hiyo hoja peke yake si ushahidi, najua, ndiyo maana nasema tupime.

Na kile kirizista, kwa ambao hawajakutana nacho. Kinafungwa kwenye sensa ya joto la hewa ili kontroli boksi idhani hewa ni ya baridi na imwage mafuta zaidi. Ukiendesha kawaida, sensa ya oksijeni inagundua na kurudisha. Ukikanyaga wote, unaongezewa petroli ambayo hukuiomba. Ukitaka kuiona, soma marekebisho ya mafuta kwenye kisomeo kabla na baada. Namba itakwenda hasi, maana yake gari linapambana na kidude ulichokilipia.

Mzigo, bado upo?


#19 MzigoKariakoo

Nipo. Sijakimbia. Mimi siyo fundi, nanunua ninachoona kinauzika, na wateja hawajawahi kuniletea malalamiko, huo ndio ukweli wangu. Wiki ijayo nashuka Mtwara na mzigo wa msimu. Nitakuja na chipu mbili, za boksi la kijani ambazo ndizo ghali. Mpime mbele yangu, lakini kwa gari la kwangu, Premio ya 2008, siyo magari yenu mliyotoa themostati.


#20 KucheleInjini

Imepita. Premio ya 2008 kwanza fundi ataangalia kama tundu la 6 na la 14 lina chuma, lisipokuwa nacho tunatafuta gari jingine ili usiseme tumekuonea. Moja tunaipima, ya pili fundi anaifungua, wewe ndiye utakayechagua ipi iwe ipi. Kilomita 200 za "kusoma tabia" utakuwa umezimaliza njiani ukitoka Dar, kwa hiyo ichomeke ukipita Kibiti. Dereva ni wewe mwenyewe, mpwa wangu anachomeka, dada wa Mikindani ashike simu ya video kama yupo tayari.


#21 BintiMikindani

Nipo tayari. Boksi langu la ea klina nalo nimelipata, lilikuwa stoo limewekewa vitunguu. Linarudi kwenye gari Jumamosi, nitawaletea joto la foleni ya soko.


#22 MzigoKariakoo

Sawa. Mafuta ya kupimia nani analipa?


#23 KucheleInjini

Chipu ikishinda, mimi. Isiposhinda, wewe, na unaondoa lile neno "asilimia 35" kwenye tangazo. Sheli tunajaza mimi na wewe tukiwa tumesimama pampuni.